Mkono wa Kushoto na Sauti ya Randa

Bagamoyo, Tukuyu

... na hapana, Dada, sijaliacha lile zoezi. Uliponiuliza kwenye barua yako kwa nini nisichague wimbo mwepesi wa kanisani nimpigie huyo mwalimu mkuu, nilicheka peke yangu mpaka Lusajo akatoka na povu la sabuni usoni kuuliza kuna nini. Nikamwambia, "Dada yangu bado ana kinyongo na lile zoezi la piano." Unakumbuka ulivyokifunga kitabu chake mbele ya Mama Mchungaji aliyekuwa anatufundisha, ukasema huo si muziki, ni kufukuza kuku kwa mkono wa kushoto? Basi mdogo wako ameendelea kufukuza kuku, na leo nina habari zao. Lakini kwanza nikujulie hali.

Kifua cha Mama kimetulia na vumbi la kiangazi? Na wewe, miguu imeacha kuvimba? Kama Shemeji hakupi nafasi ya kupumzika, niambie nimwandikie barua yake peke yake, kali. Sisi huku wazima wa mwili na roho, na mimi nina kitu cha ziada ambacho hata sijui nikiite nini. Alfajiri naamka nasikia mvua juu ya bati na Lusajo anapumua pembeni yangu, basi nalala tena kidogo kwa makusudi, ili niamke mara ya pili niifurahie upya. Hapo usimsomee Mama.

Mwambie tu kwamba Bagamoyo ninayoiandika kwenye bahasha si ile ya pwani. Najua ameshawatangazia wanakwaya kuwa mwanawe anakula samaki wabichi. Huu ni mtaa wa Tukuyu mjini, mlimani kabisa, ukungu unaingia dirishani kama mgeni asiyebisha hodi na nguo zinakaa kwenye kamba mpaka zinasahau zilifuliwa lini. Ninakula ndizi, Dada. Ndizi za kupika na maharage, ndizi na nyama, ndizi na maziwa mgando. Nimenenepa. Lusajo anasema nimependeza, na mimi namwamini kwa sababu anasema akiwa ameacha kula kuniangalia.

Lile jambo lililokuwa mbele yetu unalijua. Likizo yangu ya ndoa ilikuwa inakaribia mwisho na ofisi ya hapo Tabora imekataa kunihamisha; ushirika wenyewe unapunguza watu kila siku, nani ahangaike na karani aliyeolewa mbali? Lusajo naye hawezi kuiacha miche yake ya chai kule Matwebe, maana sasa kila mkulima anataka shamba lake mwenyewe na miche ndiyo kwanza inachipua. Kwa hiyo ama nipate kazi huku, ama nirudi kwenye kile chumba chetu cha zamani, wewe ukinifariji, mimi na Lusajo tuwe mke na mume wa kuandikiana. Na kazi niliyoweza kuipata ilikuwa moja tu: shule mpya ya mtu binafsi, hapa karibu, ilikuwa inatafuta mwalimu wa muziki.

Mwalimu mkuu ni mama mjane, Mnyakyusa, mwenye sauti kama kengele ya asubuhi. Alitukalisha waombaji akasema, "Nyimbo za kanisani kila mtoto wa huku anazijua kabla hajaota meno. Mimi nataka mtu anayeweza kusoma noti ngumu na kuzipiga, ili watoto waone kuna mlima wa kuupanda." Ndiyo sababu, Dada, wimbo mwepesi usingenifaa. Na niliyekuwa nashindana naye ni kijana wa Mbeya mwenye kinanda cha betri, vile vilivyojaa madukani siku hizi, ukibonyeza kitufe ngoma zinapiga zenyewe.

Lusajo akaniuliza njiani, "Mke wangu, na wewe una kitufe?"

Nikamwambia, "Ninacho, ila kimekwama kwenye kidole cha nne."

Sasa piano yenyewe. Unashangaa nimeipata wapi huku. Iko Kyimo, nyumbani kwa wazazi wa Lusajo, sebuleni, imeegemezwa ukutani chini ya picha ya harusi yao. Baba yake alikuwa seremala wa kiwanda cha chai. Kiwanda kilipouzwa na klabu ya wakubwa kufungwa, watu waligawiwa vitu vya mle ndani; wengine wakachukua makochi, wengine majokofu. Yeye akaomba piano, kwa kuwa ndiye aliyewahi kuitengeneza mguu uliovunjika. Aliileta kwa tela la trekta ikiwa imefunikwa turubai jeusi, na Lusajo anasema barabara nzima watu walikuwa wanavua kofia wakidhani ni jeneza la Mzungu. Tangu hapo haikuwahi kupigwa. Mama mkwe aliiwekea kitambaa cha kufuma na maua ya plastiki, basi. Nilipoifunua mara ya kwanza na kugusa vibao vyake nilitokwa na machozi. Noti mbili za juu zimekufa kabisa, lakini zoezi letu haliendi huko.

Nilikuwa nimeshaharibu mambo kabla hata sijaifungua. Hapa ndipo ninapotaka ukae vizuri.

Siku ya kwanza kupelekwa Kyimo nilimwona uani mzee mrefu, kofia ya pama kichwani, anapanga mbao. Sikuwahi kumwona, maana unakumbuka baba yake Lusajo hakuja Tabora kwenye harusi, alimtuma mjomba. Nikamtambua kwa pua, ni ile ile ya mume wangu. Basi mimi, binti wa Mama aliyetuchapa kwa kupita mtu mzima bila kuamkia, nikamkimbilia, nikapiga goti kwenye tope na sketi yangu mpya, nikasema kwa sauti ya kwaya, "Shikamoo Baba!"

Dada, yule mzee alitimua mbio! Aliruka lundo la maranda akaingia migombani, kofia ikabaki inaning'inia kwenye jani. Nikajua ameona nyoka. Nikamfuata nami mbio, sketi mkononi, napiga kelele, "Baba, nisubiri!" Kadiri nilivyoita ndivyo alivyozidi kukata kona. Nyuma nikamsikia mama mkwe, "Gwe mwana, wewe mtoto! Mwache mzee wa watu, utamfikisha Malawi!" Na Lusajo, yule mume wangu mpenzi, alikuwa ameshika nguzo ya baraza, hawezi kusimama kwa kucheka.

Kumbe huku mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Wanaiita ukutila, yaani kumwogopa mtu kwa heshima. Hasalimiwi, hatazamwi usoni, hatajwi jina, hatukai chumba kimoja, na tukikutana barabarani mimi naingia kwenye shamba la chai mpaka apite. Vijana wengi wameacha, na Lusajo alidhani hata baba yake ameacha kwa kuwa ni mzee wa kanisa. Hakuacha. Alimwahidi mama yake mzazi kwamba uso wa mkamwana hatautazama. Na kwenye ukoo wao ni baba mkwe mwenyewe anayeamua lini alegeze, na kwa namna gani. Wengine hawalegezi mpaka wanazikwa. Ndiyo maana hata kwenye barua hii siandiki jina lake. Nasema Mzee tu, na wewe ukijibu sema hivyo hivyo.

Basi fikiria. Piano iko sebuleni kwake, mimi natakiwa nifanye mazoezi kila alasiri, na hatuwezi kuwa ndani pamoja. Mama mkwe akapanga utaratibu. Mimi nafika na pikapu ya majani mabichi ya chai, nasimama kwenye mgomba wa kwanza. Mama anagonga sufuria. Mzee anatoka mlango wa nyuma kwenda kwenye kibanda chake cha useremala. Mama anagonga tena, naingia. Kila siku nilimwona moyoni akiacha kiti chake na chai yake ya moto, anatoka mvuani kwa ajili yangu. Niliona aibu. Zoezi la kufukuza kuku sasa lilikuwa linamfukuza mwenye nyumba.

Nilichoshangaa ni kwamba kila nilipofika chumba kilikuwa na joto na pembeni ya piano kulikuwa na jiko la mkaa lililokaribia kuzima. Huku unyevu unavimbisha vibao, vinakwama vikishabonyezwa. Nilimshukuru Mama. Akasema, "Mimi? Mimi mkaa wangu naupikia."

Zoezi lenyewe unalijua ila huenda umelisahau, mkono wa kulia unaita noti chache tu, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde, na wa kushoto unakimbia chini bila kupumzika kama maji yanavyoteremka mlima Rungwe. Nilikuwa nalianza kwa mbio, kwa furaha, na pale katikati ambapo kidole gumba kinapita chini na mkono unaruka kwenda kwenye noti za mwisho kabisa, naanguka. Narudi mwanzo, naanguka pale pale. Mama Mchungaji alituambia tupige polepole kwa mwendo usiobadilika, lakini mwendo wa kuushika nautoa wapi? Roho yangu ilikuwa inakimbilia siku ya mwisho wa likizo.

Kisha kulikuwa na randa. Kutoka kibandani, shwaa, shwaa, shwaa, Mzee anaranda mbao. Mwanzoni iliniudhi, nikaona anataka kunikumbusha nimemtoa ndani. Alasiri moja mvua ilipotulia nikaanza taratibu, nimechoka tu, na kila kundi la noti likaanza pale pale randa ilipoanza kusukumwa. Nikadhani ni bahati. Nikasimama. Randa ikasimama. Nikaanza, ikaanza. Nikaongeza mwendo kidogo kwa utundu; randa haikunifuata. Ilikaa vile vile, ikaningoja nirudi.

Tangu siku hiyo nilifanya mazoezi na randa. Hatujawahi kuonana tangu zile mbio za migombani, na tulikuwa tunatembea hatua moja.

Siku moja Mama aliingia na kikombe cha chai. Akasema, "Mzee anauliza, pale katikati unapofika ukawa kama ng'ombe kwenye daraja la miti, kuna nini?"

"Mwambie vidole vinaogopa."

Mama akafungua mlango wa nyuma. "Anasema vidole vinaogopa!"

Sauti nzito ikatoka kibandani, "Basi asivichape. Avivushe kimoja kimoja."

Mama akanigeukia. "Anasema usivichape, uvivushe kimoja kimoja."

"Nimesikia, Mama."

"Hujasikia! Wewe humsikii. Mimi ndiye niliyekuambia."

"Ndiyo, Mama. Wewe ndiye uliyeniambia."

"Ee, ndaga," akasema, na hiyo ndiyo asante yao, akaenda zake anacheka ndani ya kanga.

Nikavivusha kimoja kimoja. Kidole cha tano, cha nne, cha tatu, gumba chini, halafu kuruka. Randa ikawa inaniongoza, na wiki zikapita, na mwendo ukaongezeka bila mimi kujua ni nani aliyeuongeza. Hata hivyo bado kifundo cha mkono kiliniuma. Nilikuwa nakaa juu ya sanduku la chai na blanketi lililokunjwa, chini mno, mkono unaning'inia. Mama Mchungaji angenipiga rula. Mama mkwe akaja na uzi siku moja akanipima nikiwa nimekaa, kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko. Anasema ananishonea gauni. Nikamwambia Lusajo usiku, "Huku kwenu gauni linapimwa kiwiko?" Akajigeuza ukutani akajifanya amelala.

Kwa kuwa shule bado haina piano, mwalimu mkuu alikuja kunisikiliza Kyimo. Kijana wa Mbeya alikuwa ameshapiga chake shuleni, na nilisikia watoto walicheza mpaka madawati yakahama. Niliingia sebuleni. Sanduku la chai halikuwepo. Mahali pake palikuwa na benchi, Dada. Benchi la mbao nyekundu, laini kama shavu la mtoto, miguu yake imepindwa kidogo kufanana na ya piano. Nikakaa. Viwiko vyangu vikaja sawa kabisa na vibao. Ndilo alilokuwa analiranda, kila siku, zoezi zima.

Mwalimu mkuu alikaa kwenye kochi, Lusajo karibu na dirisha, Mama mlangoni. Mzee alikuwa nje. Nikaanza.

Mistari ya kwanza ilikwenda, ila nikagundua kitu kilichonitia baridi. Hakuna randa. Benchi limekwisha, hakuna cha kuranda. Sikuwahi kulipiga zoezi lile kwa kimya. Nikausikia mkono wa kushoto unaanza kunitoroka, unakimbia, unakimbia, na katikati inakuja, na mbele yangu nikaiona stesheni ya Tabora na mimi nimeshuka peke yangu na sanduku.

Ndipo nikasikia kiti kikilia nyuma yangu. Harufu ya mbao mbichi ikajaa chumbani. Mama mkwe akavuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji. Halafu, shwaa. Shwaa. Shwaa. Haikuwa randa. Ilikuwa kiganja cha mtu kikipita juu ya paja, kwenye suruali, kwa mwendo ule ule.

Unaelewa alichofanya? Mpiga piano anautazama ukuta. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, yeye akaketi nyuma yangu. Simwoni uso, naye haoni wangu. Hakuvunja ahadi aliyompa mama yake hata kidogo, na tulikuwa chumba kimoja.

Mkono ukarudi nyumbani. Kidole cha tano, cha nne, cha tatu, gumba chini, nikaruka, nikatua. Noti kadhaa zilidondoka baadaye na sikuziokota. Nilipiga mpaka mwisho, Dada, mpaka ile sauti nzito ya chini kabisa uliyoiogopa, na sikugeuka. Nilikaa nimeinamisha kichwa, machozi yanadondokea kwenye vibao vyeusi, mpaka Mama aliposema taratibu, "Ameshatoka."

Mwalimu mkuu alikuwa ameinuka kwenye kochi. Alikuwa anautazama mlango wa nyuma. Kisha akasema, "Baba mkwe wangu mimi alikufa hatujawahi kukaa chumba kimoja." Akajipangusa, akavaa ile sauti yake ya kengele. "Muhula ukifunguliwa, njoo. Yule kijana nitamwita siku za sherehe."

Lusajo alinibeba, mbele ya mama yake! Alinizungusha mpaka maua ya plastiki yakaanguka. Namshukuru Mungu kwa mtu huyu, Dada, namshukuru nikiwa nachambua mchele, namshukuru nikiwa nafagia. Sirudi kuishi mbali naye. Nililala usiku ule nimeshika kidole chake kimoja kama mtoto.

Sasa kila Jumapili baada ya ibada tunakwenda Kyimo. Mama anagonga sufuria mara moja tu. Mimi naingia, nakaa kwenye benchi, nautazama ukuta. Halafu nasikia kiti. Hatusalimiani. Nikimaliza anatoka, nami nageuka. Jumapili iliyopita alimtuma Mama aniulize kama ni kweli asali ya Tabora ni nyeusi. Nikamjibu kupitia Mama kwamba ni nyeusi na ni tamu, na kwamba mkamwana wake hataki kusifia, atamletea aonje. Nyuma yangu nikasikia mtu anacheka kwa pua, na Mama akasema, "Hujasikia kitu."

Nisalimie Mama, na umwambie ile sketi ya tope imetakata. Nisalimie Shemeji, na mtoto aliye njiani anayekuvimbisha miguu. Mjomba wetu aliyenitoa harusini umpe heshima zangu. Na Mama Mchungaji, mwalimu wetu, umwambie mkono wa kushoto umeamka, na kwamba mtu aliyeuamsha hajui hata noti moja inaitwaje.

Nawe usilie kuhusu chumba chetu. Ni lazima nije kuaga ofisini na kuchukua vitu vyangu, na Lusajo atakuja nami, kwa hiyo tafuteni asali ile nyeusi kabisa. Tunabeba kigoda ambacho Mzee amemchongea Mama yetu. Alipima kwa kukisia, kwa kuuliza kama yeye ni mrefu kuliko mimi. Omba kinanda cha kanisa kifunguliwe jioni moja. Nitakaa nikiwapa mgongo, nanyi mketi nyuma yangu, na ukisikia nimeanza kukimbia, Dada, pitisha kiganja chako kwenye kanga taratibu, nitakusikia.

Tutakuwa mlangoni kwenu kabla mwezi huu haujakwisha.

Mdogo wako mwenye furaha kuliko anavyostahili,
Debora, mke wa Lusajo